Majumba na Bustani za Kifalme Unguja: Milango Iliyofunguliwa kwa Wananchi Inahitaji Kulindwa

Na Mwandishi Wetu, Zanzibar

Kwa zaidi ya miaka mia moja na thelathini, majumba ya kifalme ya Unguja yalikuwa majengo ambayo mwananchi wa kawaida aliyaona kwa nje tu. Aliyeingia ndani alikuwa ni wa ukoo wa mtawala, mgeni wa dola, au mtumishi na mtumwa aliyebeba maji, kupika na kufagia. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yalihitimisha utawala wa Kisultani, na majengo hayo yakawa mali ya umma. Sehemu kubwa ya yaliyobaki leo yamo katika orodha ya maeneo ya kihistoria ambayo mwananchi anaweza kuyafikia, kuyatazama na kujifunza.

Makala haya yanaeleza majumba na bustani hizo, historia yake kwa ufupi, namna ya kuyatembelea, na wajibu unaomhusu kila anayeingia. Jambo moja linafaa kutangulizwa. Jengo likishakuwa la umma, uhai wake nao huwa mikononi mwa umma. Baadhi ya majengo tutakayoyataja yamebaki nguzo tu, na moja kati ya yale maarufu kuliko yote lilianguka sehemu yake mbele ya macho ya kizazi hiki.

Kasri la Mizingani

Mgeni anayeanzia Mji Mkongwe hana haja ya kwenda mbali. Katika barabara ya Mizingani, likiitazama bandari, limesimama jumba jeupe lililojulikana kwa jina la Beit al Sahel, yaani Jumba la Pwani. Hapo ndipo Masultani wa mwisho walipoishi. Sultan Khalifa bin Haroub, aliyetawala tangu mwaka 1911 hadi alipofariki mwaka 1960, alilifanya makazi yake kwa karibu nusu karne. Baada ya Mapinduzi lilipewa jina la Jumba la Wananchi, na mwaka 1994 likafunguliwa kuwa Makumbusho ya Kasri.

Maonesho yake yamepangwa kufuata zama. Mgeni huanza na enzi ya Seyyid Said bin Sultan, mtawala aliyehamishia makao ya dola yake kutoka Muscat na kuyaleta Unguja, kisha huendelea na wanawe waliomrithi, na humalizia na maisha ya Sultan Khalifa. Vyombo vya kulia, viti vya kuchongwa, picha za watawala na makabati ya fomaika ya miaka ya 1950 vimewekwa katika vyumba vilivyokuwa vikitumika. Wapo wanaotarajia dhahabu na lulu, wakashangazwa na makabati hayo ya kawaida. Hilo nalo ni somo, kwani linaonesha jinsi utawala ulivyokuwa katika miaka yake ya mwisho, chini ya himaya ya Waingereza, mamlaka yake halisi yakiwa yamepungua sana.

Chumba kimoja kimetengwa kwa ajili ya Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said aliyezaliwa katika kasri la Mtoni mwaka 1844. Mwaka 1866 aliondoka Unguja kwa siri, akaolewa na mfanyabiashara Mjerumani kutoka Hamburg, Rudolph Heinrich Ruete, na kujulikana kwa jina la Emily Ruete. Kumbukumbu zake, alizozichapisha kwa Kijerumani mwaka 1886, ndizo zinazotupa habari nyingi za maisha ya ndani ya makasri haya. Si jambo dogo kwamba mengi tunayoyajua kuhusu nyumba hizo tumeyapata kwa mwanamke aliyekulia ndani yake.

Kando ya jumba ipo bustani yenye makaburi ya kifalme, ambamo amezikwa Seyyid Said na baadhi ya wanawe. Mgeni anakumbushwa kwamba hapo ni makaburini. Sauti ipunguzwe na heshima itunzwe.

Beit al Ajaib na siku mbili za msiba

Jirani na Kasri ndipo lilipo Beit al Ajaib, Jumba la Maajabu, lililojengwa na Sultan Barghash bin Said mwaka 1883. Halikujengwa kuwa makazi bali kwa ajili ya hafla na mapokezi ya dola. Jina lake lilitokana na mambo ambayo watu wa wakati huo walikuwa hawajapata kuyaona: nguzo ndefu za chuma zilizozunguka baraza zake pana, taa za umeme, na baadaye lifti. Milango yake mikubwa ya mbao ilichongwa kwa nakshi na maandishi ya Qur'ani. Vivuko vya juu vililiunganisha na majumba ya jirani, ili wanawake wa ukoo wa Sultan wapite pasipo kuonekana barabarani.

Siku ya kwanza ya msiba ilikuwa tarehe 27 Agosti 1896. Siku mbili kabla yake Sultan Hamad bin Thuwaini alikuwa amefariki, na Khalid bin Barghash akaingia kasrini na kujitangaza mtawala bila ya ridhaa ya Waingereza. Ilipofika saa tatu asubuhi, manowari za Uingereza zilizokuwa bandarini zilianza kulipiga mizinga eneo la majumba. Mapigano hayo, yanayohesabiwa kuwa vita vifupi kuliko vyote katika historia, yalimalizika kabla saa moja haijatimia. Jumba la Beit al Hukm liliangamizwa, Beit al Sahel likaharibiwa vibaya, na watu wengi waliokuwa ndani na kando yake wakapoteza maisha. Beit al Ajaib lilinusurika. Mnara wa saa unaokumbukwa na wengi uliongezwa kwenye uso wa jengo baada ya vita hivyo, kwani mnara uliotangulia, uliosimama peke yake mbele ya majumba, uliharibiwa na mizinga.

Jengo hilo lilikuja kuwa ofisi za serikali ya kikoloni, na miongo mingi baada ya Mapinduzi likawa makumbusho ya historia na utamaduni wa Zanzibar na pwani ya Waswahili. Wanafunzi wengi wanakumbuka nakala ya mtepe iliyowekwa ndani yake, chombo cha kale cha baharini kilichoshonwa kwa kamba pasipo kutumia msumari hata mmoja.

Siku ya pili ya msiba ilikuwa tarehe 25 Disemba 2020. Wakati kazi ya ukarabati ikiendelea, sehemu kubwa ya mbele ya jengo pamoja na mnara wa saa ilianguka, na watu wawili wakapoteza maisha. Kabla ya hapo, mwaka 2012, sehemu ya baraza ilikuwa imeshaporomoka, na wataalamu wa urithi walikuwa wametoa tahadhari kwa miaka mingi. Mizinga ya mwaka 1896 haikuliangusha jumba hili. Lililoliangusha halikutoka nje.

Bustani ya Forodhani

Mbele ya majumba haya ipo bustani isiyohitaji tiketi. Eneo la Forodhani limepata jina lake kutokana na shughuli za forodha zilizokuwa zikifanyika hapo. Bustani yenyewe ilitengenezwa mwaka 1936 kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sultan Khalifa, ndiyo maana wazee wengine bado huiita Jubilee. Ilifanyiwa matengenezo makubwa na kufunguliwa tena mwaka 2009, kwa ushirikiano wa Serikali na taasisi ya Aga Khan inayoshughulikia utamaduni.

Mchana bustani hiyo ni mahali pa kupumzikia chini ya miti. Jioni hugeuka baraza la mji mzima: moshi wa mishkaki, mashine za kukamulia miwa, sahani za urojo, na vijana wanaojirusha baharini kutoka ukutani huku watu wakiwashangilia. Pengine hakuna mahali panapoonesha wazi zaidi namna ardhi ya mbele ya kasri ilivyokuwa ya watu wote.

Ndani ya Vuga iko Bustani ya Victoria, ambayo asili yake ilitengwa kwa ajili ya wanawake wa nyumba ya Sultan Barghash, na mwishoni mwa karne ya 19 ikatolewa kwa matumizi ya umma wakati wa utawala wa Sultan Hamoud. Ukumbi uliomo ndani yake ndio uliotumika kwa vikao vya Baraza la Kutunga Sheria tangu mwaka 1926.

Maruhubi na Mtoni

Ukitoka mjini kwa barabara ya kaskazini kuelekea Bububu, kilomita chache tu, utakuta upande wa baharini magofu ya Maruhubi. Sultan Barghash alilijenga jumba hilo kati ya mwaka 1880 na 1882, likawa makazi ya wanawake wa nyumba yake. Mwaka 1899 liliungua moto. Zilizobaki ni nguzo nene za mawe zilizobeba baraza la juu, hamamu, mabaki ya mifereji na matangi ya maji ambayo sasa yameota mayungiyungi. Miembe ya zamani bado inatoa kivuli.

Mbele kidogo ipo Mtoni, kasri kongwe kuliko yote ya Masultani hapa Unguja, lililojengwa na Seyyid Said karibu na mwaka 1830. Jina lake limetokana na kijito kinachoingia baharini mahali hapo. Salme ameeleza kwamba watu wapatao elfu moja waliishi ndani ya mipaka yake, kuanzia wake na masuria wa mtawala, watoto na wajukuu, hadi watumishi na watumwa. Uwanjani walifugwa tausi, paa na mbuni, na upande wa bahari ulikuwepo mnara mpana wa mbao ambapo baba yake alipenda kukaa na kutazama vyombo vikiingia bandarini. Anayeingia leo atakuta kuta zisizo na paa, mabirika na vyumba vya kuogea, na uwanja ulio kimya. Kazi za hifadhi zimefanyika hapo kwa vipindi, na kuta kadhaa zimeimarishwa.

Mahamamu ya Kidichi

Kutoka Bububu, barabara inayopanda kuelekea mashamba ya viungo humfikisha mgeni Kidichi. Hapa Seyyid Said alijenga mahamamu mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe kutoka Uajemi, Binti Irich Mirza, mjukuu wa Shah wa nchi hiyo. Kwa nje ni jengo dogo jeupe lenye makuba ya duara. Kwa ndani lina nakshi za lipu zenye maua, mitende na tausi, kazi ya mikono iliyofuata mtindo wa Kiajemi na isiyo na mfano wake katika majengo mengine ya kisiwa.

Nakshi hizo ndizo utajiri wa Kidichi, na ndizo zilizo hatarini zaidi. Unyevu huingia kutoka juu, ukungu huota, na kidole cha mgeni mmoja hakidhuru kitu, lakini vidole vya maelfu hufuta ua lililodumu zaidi ya miaka 170.

Dunga, kiti cha Mwinyi Mkuu

Ni kosa kudhani kwamba ufalme katika kisiwa hiki ulianza na Masultani kutoka Omani. Kabla yao wenyeji wa Unguja walikuwa na mtawala wao, Mwinyi Mkuu, na hata baada ya Seyyid Said kuhamia hapa, Mwinyi Mkuu aliendelea kutambuliwa na watu wake. Kasri la Dunga, katika Wilaya ya Kati kwenye barabara ya kuelekea Chwaka, lilijengwa na Mwinyi Mkuu Muhammad bin Ahmed katikati ya karne ya 19. Alifariki mwaka 1865, na mwanawe Ahmed aliyemfuata alipofariki mwaka 1873 cheo hicho kikakoma.

Alama za utawala wake zilikuwa ngoma na siwa, pembe iliyopulizwa katika shughuli kubwa. Vitu hivyo vilihifadhiwa kuwa mali ya makumbusho. Magofu ya Dunga hayatembelewi sana kama yale ya pwani, ingawa kwa mwananchi anayetaka kuijua historia yake mwenyewe, pengine ndipo mahali panapostahili kuanziwa.

Nani aliyejenga

Hakuna ziara ya majumba haya iliyo kamili pasipo kuuliza swali hilo. Utajiri uliolipia marumaru, vioo na mbao za msaji ulitokana na karafuu, pembe za ndovu na biashara ya watumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba aliousaini Sultan Barghash, na utumwa wenyewe ukaondolewa uhalali wake kisheria mwaka 1897. Waliovunja mawe, kuchoma chokaa na kubeba boriti hawakuandika kumbukumbu, wala picha zao hazikutundikwa ukutani. Mgeni anapoitazama nguzo ya Maruhubi, aikumbuke na mikono iliyoisimamisha. Kuyahifadhi majumba haya ni kuihifadhi kazi ya watu hao pia.

Kwa nini majengo haya huanguka

Majengo mengi ya kale ya Unguja yamejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba, ndiyo sababu vyumba vingi vya zamani ni vyembamba na virefu. Beit al Ajaib lilitofautiana kwa kutumia vyuma, jambo lililowezesha kumbi pana.

Kila kimoja kati ya vifaa hivyo kina adui yake. Jiwe la matumbawe hunyonya maji. Paa likivuja, ukuta hulowa kutoka juu, chokaa hulainika, na ncha za boriti zilizofukiwa ukutani huoza pasipo kuonekana. Chuma nacho, katika hewa yenye chumvi, hupata kutu na kuvimba hadi kupasua kile kilichokizunguka. Mizizi ya miti inayoota kwenye nyufa hutanua jiwe kidogo kidogo. Na matengenezo ya haraka kwa saruji, yanayofanywa na wengi kwa nia njema, huzuia ukuta wa chokaa kupumua. Unyevu hubaki ndani, na lipu mpya hubanduka pamoja na jiwe lake.

Kwa hiyo jengo la kale halihitaji kungojea ukarabati mkubwa wa mara moja katika kila miaka thelathini. Linahitaji paa lisilovuja, mifereji iliyosafishwa kabla ya masika, na jicho la mtu anayepita kila wiki.

Maelekezo kwa wananchi

Kwa wanaokusudia kutembelea maeneo haya, mambo yafuatayo yazingatiwe:

1. Kazi za ukarabati hufanyika kwa awamu na baadhi ya majengo hufungwa kwa usalama wa wageni. Beit al Ajaib lilifungwa kwa ajili ya kazi ya kulirejesha katika hali yake. Ni vyema kuuliza Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale kabla ya safari, hasa kwa skuli zinazoleta makundi ya wanafunzi.

2. Viingilio hulipwa kwenye lango rasmi na risiti hutolewa. Mwananchi achukue kitambulisho chake, na adai risiti.

3. Daladala za njia ya Bububu hupita Maruhubi na Mtoni. Kwa anayetaka kuona maeneo ya kaskazini kwa siku moja, utaratibu unaofaa ni kuanza Maruhubi asubuhi, kufuatia Mtoni, na kumalizia Kidichi kabla ya jua kuzama.

4. Mavazi yawe ya heshima, hususan katika maeneo yenye makaburi na yaliyo karibu na misikiti.

5. Hairuhusiwi kupanda juu ya kuta na nguzo, kuandika majina ukutani, kugusa nakshi, wala kuondoka na jiwe, kigae au kipande cha mbao, hata kikiwa kimelala chini.

6. Wazazi wawashike watoto mkono katika magofu. Yapo mabirika na visima visivyo na vifuniko.

7. Anayeona jiwe likichukuliwa kwenda kujengea, takataka zikitupwa ndani ya magofu au ukuta ukionesha ufa mpya, atoe taarifa kwa sheha wa shehia husika au kwa Idara. Taarifa hiyo ina thamani kubwa ikitolewa mapema.

Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Heshima hiyo ilitolewa na dunia, lakini mvua inaponyesha usiku, maji huingia katika paa lililo hapa kwetu, na anayeliona tone la kwanza ni jirani. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa Beit al Ajaib, sasa tunajenga ukuta. Kwa Kidichi, Mtoni, Maruhubi na Dunga, bado upo wakati wa kuziba ufa, na hatua ya kwanza ni kufika, kuona, na kuyajua majumba haya kuwa ni mali yetu.